Mbwa Ameanguka Ghafla: Mwongozo Kamili wa Kiharusi kwa Mbwa, Kuanzia Dakika za Kwanza

Mbwa mzee alilala vizuri, asubuhi hawezi kusimama. Kichwa kimelala upande mmoja, macho yanacheza, akijaribu kuinuka anapepesuka na kugonga ukuta. Mlinzi anasema kalishwa sumu. Jirani anasema hicho ni kiharusi. Wa tatu anashauri amalizwe tu, asiteseke. Kati ya hao watatu, wa kuogopwa ni huyo wa mwisho, kwa sababu wawili wa kwanza wakikosea daktari atarekebisha, lakini ushauri wa tatu ukifuatwa hakuna wa kuurekebisha.

Kiharusi kwa mbwa kipo, ingawa si cha kila siku kama kwa binadamu. Zamani madaktari wengi wa wanyama walikiona kuwa kitu adimu mno. Mashine za MRI, zinazopiga picha ya ubongo kwa sumaku, zilipoanza kutumika kwa wanyama ndipo ikaonekana kwamba kinatokea zaidi ya walivyodhani. Shida ni kwamba yapo magonjwa mengi yanayofanana nacho kwa macho, na mengine kati ya hayo yanapona yenyewe, mengine yana dawa, na mmoja unaweza kukuua wewe mwenye mbwa. Kwa hiyo usijisumbue kulipa tatizo jina. Jilinde, mkinge mnyama asijiumize, kusanya habari ambazo daktari hawezi kuzipata bila wewe, na usikate shauri la kumuua katika siku tatu za kwanza kwa sababu tu anatisha kumtazama.

Kwanza kabisa: kichaa cha mbwa

Huku kwetu Afrika Mashariki, mbwa yeyote aliyebadilika mwendo au akili ghafla apimwe kwanza kwa swali hili kabla hujamgusa: je, ana chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo muda wake haujapita? Tazama kadi, usitegemee kumbukumbu. Kama muda wa chanjo umepita, mhesabu kama hajachanjwa.

Kisha rudisha mawazo nyuma. Ameng'atana na mbwa wa mtaani au mnyama wa porini miezi ya karibuni? Siku mbili tatu kabla ya kuanguka alikuwa mkali bila sababu, au mpole kupita kawaida yake, akijificha, akitafuna miti na mawe? Taya la chini limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, sauti ya kubweka imebadilika? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, usimguse. Mfungie alipo, ondoa watoto, mwite afisa mifugo au daktari wa mifugo. Kama mate yake yameshagusa kidonda, jicho au mdomo wa mtu, au amemng'ata mtu, osha pale kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kwenye ngozi tumia na sabuni. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanzishiwe chanjo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mwenendo wake ndio unaosaidia kutofautisha. Kichaa cha mbwa huzidi siku hadi siku, na mbwa hufa kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Kiharusi huja kwa kishindo, dakika chache au saa chache, kinafika kilele ndani ya siku moja, kisha kinasimama au kinaanza kulegea. Lakini tofauti hiyo unaiona baadaye, kwa hiyo mwanzoni chukua tahadhari.

Dakika za kwanza

Ukishajiridhisha kuhusu chanjo, angalia saa na uandike. Daktari atauliza "lini?" kabla ya lolote, na "asubuhi asubuhi hivi" si jibu. Kama hukuona akianguka, andika mara ya mwisho ulipomwona mzima.

Mtoe kwenye ngazi, baraza, bwawa na vitu vyenye ncha. Mlaze chini kwenye zulia au blanketi lililokunjwa, chumba kiwe na kivuli na kimya. Televisheni na watu kumi waliomzunguka humzidishia hofu, na mbwa mwenye hofu atajaribu kuinuka. Mvue kola, maana kitu kinachobana shingo huzuia damu kurudi kutoka kichwani. Kama yuko mlegevu, inua kichwa pamoja na kifua kidogo kwa blanketi lililokunjwa, shingo ibaki imenyooka.

Usitie mkono mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, hata akiwa anadunda kwa degedege. Atakachomeza ni kidole chako. Na sasa niseme la maziwa. Kila mbwa akianguka uani hapakosi mtu wa kuja na maziwa, mafuta ya kupikia, mkaa uliotwangwa au yai bichi. Mbwa asiyeweza kumeza sawasawa akinyweshwa, kinaingia mapafuni, na nimonia ya namna hiyo huua mbwa ambaye ubongo wake ungepona. Asile, asinywe, mpaka atakapokuwa na fahamu kamili na anaweza kushikilia kichwa mwenyewe.

Chukua simu urekodi video: nusu dakika ya macho kwa karibu, nusu dakika ya mwili mzima, na mwendo wake kama anaweza kutembea. Akifika kliniki huenda ametulia na daktari asione kitu. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo yako yote.

Akipata degedege, pima muda. Likipita dakika 5, au yakifuatana mawili bila yeye kurudiwa na fahamu katikati, hiyo ni dharura ya kuondoka nyumbani sasa hivi. Degedege refu pia huchemsha mwili. Kama una kipimajoto, joto la kawaida la mbwa likipimwa njia ya haja kubwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi. Likikaribia 41, mlowanishe kwa maji ya kawaida, mpepee, na uendelee na safari.

Mtazame kwa utulivu

Ukaguzi huu ni kwa mbwa mwenye chanjo na aliye mtulivu tu.

Anza na macho. Yanacheza kwenda upande na kurudi? Yanazunguka? Au yanapanda na kushuka? Yale ya kupanda na kushuka huelekeza zaidi kwenye ubongo wenyewe, ilhali ya kwenda upande yanaweza kutoka kwenye sikio la ndani au kwenye ubongo pia. Angalia kama mboni mbili zinalingana ukubwa. Inua mdomo wa juu kidogo utazame ufizi: waridi ni salama, mweupe unaashiria damu imepungua, wa bluu au zambarau unasema hewa haitoshi.

Halafu jaribio la unyayo, ambalo madaktari wenyewe hulitumia. Mshikilie mbwa amesimama, mtu mwingine akimtegemeza tumboni. Chukua mguu mmoja, ukunje unyayo ili mgongo wake uguse sakafu, kisha uachie. Mbwa mzima huugeuza papo hapo, hata kabla hujatoa mkono. Akiuacha umekunjika hivyo, au akichelewa, ujue habari za mguu ule hazifiki kwenye ubongo au hazishughulikiwi huko. Rudia miguu yote minne na uandike upi umechelewa. Mbwa mwenye tatizo la sikio la ndani peke yake huyumba vibaya, lakini unyayo huugeuza haraka. Huyu wa unyayo uliochelewa ndiye anayeelekea kwenye ubongo au uti wa mgongo.

Usitafute mdomo uliopinda kama kwa binadamu. Kwa mbwa kiharusi hupenda sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mizani na mwendo, kwa hiyo dalili yake kubwa ni kuyumba, kichwa kulala upande, kurusha miguu juu kupita kiasi anapotembea, na kutetemeka kichwa anapokaribia bakuli. Kikipiga sehemu ya mbele, utaona anazunguka duara upande mmoja, anagonga vitu vya upande mmoja kwa kutoviona, anasimama akibonyeza kichwa ukutani, anasahau nyumba, au anapata degedege. Hata hivyo miguu mara nyingi hurudi mapema, kwa kuwa mwendo wa mbwa hautegemei sehemu hiyo ya juu ya ubongo kama wetu.

Yanayofanana na kiharusi

La kwanza kwa wingi kati ya mbwa wazee ni ugonjwa wa ghafla wa mfumo wa mizani, ulio kwenye sikio la ndani. Unatisha kuliko kiharusi chenyewe: mbwa anabiringika, anatapika, anadondosha mate kwa kichefuchefu. Sababu yake haijulikani, na hauhitaji muujiza. Huanza kulegea ndani ya siku tatu, na wiki mbili au tatu baadaye mbwa anatembea, pengine kichwa kikibaki kimepinda kidogo maisha yake yote. Maambukizi ya sikio hufanya mchezo huo huo. Nusa masikio, harufu na usaha vikiwepo vitakuambia.

Sumu nayo ina sura yake. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na karbameti, ambazo ndizo watu wabaya huzificha kwenye nyama, huleta mate kwa wingi, machozi, kuhara, mkojo usiozuilika, mboni ndogo kama ncha ya kalamu, na misuli inayorukaruka mwili mzima. Mbwa wawili wa nyumba moja wakianguka asubuhi moja, acha kuwaza kiharusi. Sumu ya panya ya kuzuia damu kuganda ni hadithi nyingine: dalili huchelewa siku 3 hadi 5, damu ikavujia popote, hata kwenye ubongo, na hapo inakuwa kiharusi kweli.

Halafu kuna sumu tunazotia wenyewe. Ivermektini iliyochomwa kwa kukadiria ili kuua kupe, amitrazi iliyokorogwa nzito kwa kuoshea, metronidazoli iliyotolewa kwa wingi au kwa muda mrefu kwa ajili ya kuhara: zote zinaweza kumfanya mbwa apepesuke au alegee. Mwambie daktari kila ulichompa wiki mbili zilizopita, hata kama unaona haya.

Kupe wanastahili sentensi zao. Ehrlichia, bakteria inayoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, hushusha chembe za kugandisha damu mpaka mbwa anavuja. Babesia, kimelea cha damu kinacholetwa na kupe, nayo inaweza kupanda kichwani. Fizi nyeupe, madoa mekundu tumboni, damu puani au mkojo wa rangi ya Coca-Cola vikiambatana na kuanguka, daktari aangalie damu kwenye hadubini siku hiyo.

Mbwa mkubwa aliyekuwa akikimbia, akalia mara moja, kisha mguu au upande mmoja ukafa ilhali kichwa na akili ni vizima, huyo huenda kapata kiharusi cha uti wa mgongo: kipande cha gegedu la pingili kimeziba mshipa. Baada ya siku ya kwanza haumwi wala hazidiwi, na wengi hurudi kutembea. Miguu ya nyuma ikifa yote, ikawa baridi na mbwa analia kwa maumivu, hilo ni bonge la damu kwenye mshipa mkuu au uti uliobanwa, na halingoji kesho. Aliyezimia kwa moyo huinuka ndani ya dakika moja au mbili kama hakuna kilichotokea.

Kumsafirisha na kuzungumza na daktari

Mbebe kwenye shuka imara watu wawili, au ubao kama unashuku mgongo. Bajaji inatosha, pikipiki haifai. Mwache alale upande anaoupenda mwenyewe, maana ukimgeuza kwa nguvu dunia humzunguka upya na atatapika. Beba kadi ya chanjo, pakiti za dawa, picha ya sumu ya panya kama mnaitumia nyumbani, na simu yenye video. Ukiwa karibu na chuo chenye kitivo cha tiba ya wanyama, kama Sokoine pale Morogoro, Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi au Makerere mjini Kampala, ni mahali pazuri pa kuulizia kesi ngumu.

Bila MRI daktari hawezi kuapa kwamba hiki ni kiharusi, na daktari mkweli atakuambia hivyo. Lakini mengi yanawezekana bila hiyo mashine. Omba presha ipimwe, na ipimwe mara kadhaa mbwa akiwa ametulia, kwa sababu hofu ya kliniki huipandisha. Namba ya juu ikiwa 160 au zaidi mfululizo, ni presha. Ikifika 180, viungo vyake viko hatarini. Ombeni pia picha kamili ya damu na hesabu ya chembe za kugandisha, hadubini ya vimelea, sukari, figo, mkojo kuangalia protini, na masikio na macho yatazamwe ndani kwa mwanga. Damu iliyovuja nyuma ya jicho ni ushahidi mzuri wa presha.

Msisitizo huu wa vipimo una sababu. Mishipa ya mbwa haizibwi kirahisi na mafuta kama yetu, hivyo kiharusi chake mara nyingi kinatumwa na ugonjwa mwingine: figo, presha, moyo, sukari, tezi ya thairoidi iliyolegea, saratani, au ugonjwa wa Cushing, ule wa mbwa anayekunywa maji mno, tumbo limeshuka na manyoya yanapungua. Kwa karibu nusu ya mbwa hakipatikani chochote. Kwa wanaopatikana nacho, kutibu ugonjwa huo ndiko kutibu kiharusi kijacho, kwa sababu hao ndio kinaowarudia zaidi.

Matibabu yenyewe ni ya kumtegemeza: hewa ya oksijeni, dripu, dawa ya kuzuia kutapika, dawa ya degedege, manitoli kama ubongo umevimba, vitamini K1 kama ni sumu ya panya, doksisaikilini kama ni ehrlichia. Sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, wanayopewa binadamu hospitali kubwa, si tiba ya kawaida kwa mbwa. Ukiona anachomwa steroidi tu na kurudishwa nyumbani, uliza kwa heshima: "Daktari, hii ni ya nini?" Kwa kiharusi haijathibitika kusaidia, na ina madhara yake kwa mbwa wa sukari, presha au Cushing.

Nawe nyumbani usimpe aspirini "ya kulainisha damu." Kama kiharusi ni cha mshipa uliopasuka, umemwongezea kuvuja. Diklofenaki na ibuprofeni ndiyo usiziguse kabisa, zinachoma tumbo na figo za mbwa.

Siku tatu za kusubiri

Siku ya kwanza na ya pili ndizo mbaya kwa sura. Ndizo pia ambazo mbwa wengi hupigwa sindano ya mwisho kwa huruma iliyowahi mno. Ikiwa anapumua vizuri, anaitikia jina lake hata kwa sikio au mkia, na hazidiwi, mpe saa 72.

Sababu za kutosubiri zipo na hazifichiki: hazinduki kabisa, pumzi inakwenda na kukatika, mboni hazilingani na hazishtuki kwa mwanga, degedege halikatiki kwa dawa, au kila ukimwangalia amezidi kuliko saa sita zilizopita. Hapo mazungumzo ya kumpumzisha ni haki yake, na yafanywe na daktari, siyo kwa rungu wala kwa sumu.

Kumuuguza nyumbani

Hapa ndipo mbwa hupona au hupotea, na kazi ni ya mikono. Mtandikie godoro nene lenye karatasi ya nailoni chini na shuka juu linalofulika. Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 4 mchana na usiku, kwa kumpitisha kwanza kwenye kifua, siyo kumpindua miguu juu. Kila ukimgeuza, papasa nyonga, mabega na viwiko. Wekundu au unyevu hapo ni mwanzo wa vidonda vya kulalia, na katika joto letu nzi hawachelewi kutaga mayai.

Chakula kinakuja baada ya jaribio la maji: mpe kijiko kimoja cha maji, kichwa kikiwa juu, na usikilize. Akikohoa, acha. Akimeza safi, endelea kidogo kidogo, kisha chakula laini chenye harufu, matonge madogo kwa mkono, akiwa amekaa kwa kifua. Bakuli liinue hadi usawa wa kidevu, kwani akiinama mizani hupotea. Wengine hula nusu ya bakuli na kuiacha nusu nyingine kama vile haipo, ukadhani wameshiba. Hawaioni. Geuza bakuli.

Mkojo usipotoka kwa saa 12, rudi kliniki wakakufundishe kukamua kibofu; usijaribu kwa kubahatisha.

Kumsimamisha, kanga iliyokunjwa pande nne inatosha. Ipitishe chini ya tumbo mbele ya mapaja (kwa dume, isibane uume), shika ncha mbili juu ya mgongo, na ubebe uzito wake tu, siyo mbwa mzima. Dakika tano, mara nne kwa siku, ni bora kuliko nusu saa ya kumchosha. Sakafu ya vigae ni adui: tandika mikeka, mazulia chakavu, hata magunia, kutoka anapolala mpaka mlangoni. Akiwa amelala, kunja na kunyoosha kila kiungo polepole, mara 10 kwa kila kimoja, bila kulazimisha. Zuia ngazi kwa ubao. Mwite jina kabla ya kumgusa upande asioona, la sivyo atakurukia kwa mshtuko, na mbwa wako mpole ataonekana kageuka.

Wiki zinazofuata

Nafuu kubwa huonekana wiki mbili za kwanza, kisha inaendelea taratibu kwa wiki kadhaa zaidi. Kichwa kinaweza kubaki kimepinda, na zamu ya usiku ya mbwa wa ulinzi huenda ikawa imekwisha. Hilo mpangie mapema, badala ya kumsukuma arudi kazini akiwa haoni upande mmoja.

Dawa ya presha au degedege usiikate kwa kuwa anaonekana mzima, hasa ya degedege, ambayo ikikatwa ghafla huyarudisha kwa nguvu. Presha irudiwe wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa kipimo, kisha kila baada ya miezi michache kwa kadri daktari atakavyopanga. Kupe wadhibitiwe kwa dawa yenye kipimo kinachofuata uzito wake. Sumu ya panya iondoke mahali anapofika. Na akianguka tena, au akianza kuzunguka, kugonga vitu au kutapika bila kukoma, usianze kufikiri upya: saa, video, shuka, safari.